Utaondoka Saa Ngapi?

Siku hiyo nilikuwa nashuka ngazi na ndoo ya takataka, yapata saa nne asubuhi, nikasikia watu wanazungumza getini. Kijana mmoja alikuwa amesimamisha Noah ya rangi ya fedha, nusu ndani nusu nje, hazadi zinawaka. Kiti cha nyuma amekaa mama mtu mzima, kitenge kimemfunika magoti, mguu mmoja umefungwa bendeji hadi juu ya ugoko. "Babu, nakuomba nusu saa tu. Nimezunguka hapa mara tatu. Nimshushe mama, nimkalishe kwenye foleni, nirudi kulitoa." Mlinzi wetu akamjibu kwa upole ule ule anaomjibia kila mtu: "Hapa ni pa wakazi, mwanangu. Nikikuruhusu wewe, mimi ndiye nitakayeulizwa." Kijana hakubishana. Alirudi rivasi, akaingia barabarani, akaanza mzunguko wa nne.

Nyuma ya Babu palikuwa na nafasi 14 tupu. Nilizihesabu nikiwa bado na ndoo mkononi.

Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi katika jengo letu la ghorofa tatu huku Upanga, Dar es Salaam. Kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni kukusanya michango ya pampu ya maji na kusuluhisha ugomvi wa maegesho. Na wiki hiyohiyo tulikuwa na ajenda moja mbele yetu: kukata miarobaini miwili iliyo kona ya uwanja ili tupate nafasi tano zaidi za magari. Fundi alikwisha kuja na futi yake, akapima, akaweka alama ya chokaa kwenye mashina. Nilipoitazama ile sakafu tupu yenye mistari myeupe, jua linaipiga, nilishindwa kuelewa tunataka kukata miti kwa ajili ya nini.

Nikaamua kuhesabu. Kwa wiki mbili, kila siku ya kazi, saa nne asubuhi na saa tatu usiku nilichungulia dirishani nikaandika kwenye daftari. Tuna nafasi 18. Asubuhi magari hayakuwahi kuzidi 6, na siku nyingi yalikuwa 4. Usiku nafasi zote 18 zimejaa, na magari mengine matano yamelala nje barabarani, yale ambayo wenyewe wakiamka jambo la kwanza ni kutazama kama vioo vya pembeni bado vipo. Kwa hiyo ni kweli usiku tuna dhiki. Lakini ng'ambo ya barabara kuna ofisi yenye uwanja wa nafasi zipatazo 22, na kila saa tatu usiku nilipotazama kule niliona pikipiki moja ya mlinzi na taa zinazomulika sakafu.

Sisi tuna nafasi mchana, wao wana nafasi usiku. Katikati kuna barabara ya mita nane na mageti mawili yaliyofungwa.

Majengo mengi ya Upanga yalijengwa zamani, wakati familia yenye gari ilikuwa ikijulikana mtaa mzima. Mwaka 1971 Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, nyumba nyingi za huku zilikwenda kwa Msajili wa Majumba, ofisi ya Serikali iliyosimamia majengo hayo, na aliyezichora hakuwa na haja ya kuwaza kwamba siku moja kila ghorofa ingekuwa na IST au Noah iliyotoka Japani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Viwanja vya Upanga havijaongezeka hata hatua moja. Gari dogo linahitaji kama mita mbili na nusu kwa tano za kulala, na ukijumlisha njia ya kuingilia na ya kugeuzia unafika mita za mraba 25 au zaidi. Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi ni mita za mraba 9 na ushei. Gari moja, basi, linakula ardhi ya vyumba viwili na nusu, na kwa muda mwingi wa uhai wake limesimama tu.

Nilianza kusoma nikijiandaa kwa kikao. Nikakuta kwamba jambo hili lina umri. Mwaka 1983 taasisi ya Marekani iitwayo Urban Land Institute ilitoa mwongozo wa jinsi majengo ya matumizi tofauti yanavyoweza kutumia maegesho yaleyale: ofisi hujaa kabla ya mchana, sinema hujaa usiku, kanisa hujaa Jumapili, na hakuna sababu kila mmoja ajenge ya kwake. Nikamsoma pia marehemu Donald Shoup, profesa wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles (UCLA) aliyefariki mwaka 2025, mtu aliyetumia miaka mingi kuchunguza maegesho peke yake. Yeye na wanafunzi wake waliwahi kupima Westwood Village, kitongoji cha Los Angeles kilicho jirani na chuo chao, mitaa 15 tu. Dereva alitumia wastani wa dakika 3.3 kutafuta mahali pa kupaki. Dakika tatu, mtu unaweza kusema si kitu. Lakini zikikusanywa kwa mwaka mzima zinafika kilomita kama milioni moja na nusu za kuzunguka bila kwenda popote, ndani ya hiyo mitaa 15. Nilimkumbuka yule kijana na mama yake.

Jibu la Shoup kwa mitaani lilikuwa bei: panga ada vizuri, na nafasi zitapatikana. Kwa barabara ya umma namkubali. Kwa uwanja wa majirani nilikuja kuona kwamba bei si swali la kwanza, na hilo nilifundishwa na kikao chetu.

Tulikaa Jumapili baada ya alasiri, viti vya plastiki, chini ya miarobaini hiyohiyo yenye alama za chokaa. Nikaeleza hesabu zangu. Nikapendekeza tusikate miti. Badala yake tufungue nafasi kadhaa mchana kwa wanaokwenda hospitali za jirani, kisha tuiombe ofisi ya ng'ambo itupe nafasi usiku. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi wa watu wenye choyo, na nawaomba majirani zangu radhi kwa hilo.

Wa kwanza kusema alikuwa mzee wa ghorofa ya pili, mwenye duka la vitambaa Kariakoo. "Binti yangu, mimi sina roho mbaya. Gari la mtu likikaa pale mchana linanipunguzia nini? Lakini mimi narudi saa kumi na moja, miguu imevimba kwa kusimama. Nikimkuta mtu kwenye nafasi yangu, na yeye yuko wodini na mgonjwa wake, nitamwambia nini? Nitamtoa?" Watu wakatikisa vichwa. Ndivyo ilivyo. Mtu akikukalia mahali pako kwa ubishi una la kumwambia. Akikukalia kwa sababu mama yake amelazwa, wewe ndiye unayebaki na aibu ya kudai.

Mama wa nyumba ya chini akainua mkono. "Tena katibu, umesema uwanja mtupu. Kwako wewe uliye juu. Wanangu wanarudi shule saa nane, wanacheza pale. Zile nguo zinazoanikwa pale ni za nani? Na tukipata msiba, turubai litafungwa wapi?" Hapo nilinyamaza, kwa sababu ni kweli nilikuwa nimehesabu magari tu. Daftari langu halikuwa na safu ya watoto.

Kijana mmoja wa ghorofa ya juu alisema kila mtu apangishe nafasi yake mwenyewe kwa simu, kama wenzetu wa nje. Hilo lilizua zogo. Nafasi ni ya nani? Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 mtu anamiliki sehemu yake ya jengo, na vile vinavyotumiwa na wote, ngazi, paa na uwanja, ni mali ya pamoja. Isitoshe, nusu yetu ni wapangaji. Dada mmoja akasema waziwazi: "Mwenye nyumba wangu akisikia naingiza hela kwa paki yake, kodi inapanda mwezi ujao."

Mwisho tukamwita Babu kutoka getini tumsikie naye. Akavua kofia. "Mimi naomba kujua kitu kimoja. Gari likichubuliwa, analipa nani?"

Hakuna aliyejibu. Lakini niliporudi juu na kuyaandika yote, niliona jambo ambalo sikulitegemea: katika watu 18 waliohudhuria, hakuna hata mmoja aliyesema hataki. Walichouliza ni atatoka saa ngapi, ni nani, watoto watakaa wapi, na likiharibika litaangukia kwa nani. Bei ilitajwa mwishoni kabisa, watu wameshaanza kukunja viti. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na kila Mswahili aliyewahi kuazimisha sufuria la shughuli anajua maana yake. Mtu hazuii sufuria kwa kupenda chuma. Anazuia kwa sababu lile la mwaka jana alilifuata mwenyewe mara tatu, na likarudi limeungua chini.

Watu wanaosema wakazi wa miji yetu hawako tayari kushirikiana maegesho hawajasimama nje ya msikiti Ijumaa. Nendeni mkatazame. Mtaa mwembamba, magari safu tatu, moja limefungia jingine, mbele ya maduka, mbele ya mageti ya watu. Kwenye dashibodi kuna vipande vya karatasi vyenye namba za simu. Mwenye duka amezibwa na hasemi kitu. Imamu akishatoa salamu, baada ya dakika 20 mtaa umefunguka kana kwamba hakukuwa na mtu. Na msiba ukitokea, nyumba tatu nne za jirani zinafungua mageti bila kuombwa. Hakuna mkataba wala programu ya simu. Kinachowafanya watu wakubali ni kwamba kila mmoja anajua sala inakwisha saa ngapi, anajua mazishi ni baada ya sala gani, na anamjua aliyepaki, au anamjua anayemjua.

Nje nako nimeona njia hazifanani. Uingereza kuna kampuni iliyoanza mwaka 2006, sasa inaitwa JustPark, inayowaunganisha madereva na watu wenye njia ya gari mbele ya nyumba zao. Pale inawezekana pesa iende moja kwa moja kwa mwenye nyumba, maana ardhi ni yake, geti ni lake, na likimkera anafunga. San Francisco mwaka 2014 ilikuja programu ya MonkeyParking, ambapo dereva aliyepaki barabarani aliweza kumnadia mwenzake nafasi anayotaka kuiacha. Mwanasheria wa jiji, Dennis Herrera, akaitaka isitishe kazi hiyo, kwa hoja kwamba barabara ya umma haiwezi kuwa mali ya mtu binafsi ya kuuza. Namuunga mkono kabisa. Hapa kwetu tunao wanaoweka mawe na matairi barabarani kuzuia nafasi, na sioni tofauti.

Kilichonigusa zaidi ni Beijing, kwa sababu mitaa yao ya zamani ina shida kama yetu hasa: majengo yaliyojengwa kabla watu wa kawaida hawajawa na magari. Kanuni za maegesho za jiji hilo zilizoanza tarehe 1 Mei 2018 zinahimiza maofisi na taasisi kufungua maegesho yao kwa wakazi wa jirani kwa kupishana saa. Yaani jambo ambalo mimi nalibeba kwa barua mkononi, kule limeandikwa.

Njia yetu aliipata mama wa nyumba ya chini, yuleyule wa watoto. Mdogo wake wa kiume ana ugonjwa wa figo, anakwenda kusafishwa damu kituo kimoja mtaa wa pili. "Wale," akaniambia tukiwa kwenye bomba, "wanakuja mara tatu kwa wiki, siku zilezile. Wanakaa kwenye mashine kwa muda wa saa nne. Unajua wanaingia lini na wanatoka lini. Na wakitoka wamechoka, hawawezi kutembea mbali. Anzeni na wale."

Nilimkumbatia palepale na ndoo yangu ikamwagika.

Tukaanza kwa majaribio ya mwezi mmoja. Nafasi sita za upande wa ukuta, mbali na kona ya watoto. Kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa saba na nusu mchana, ili saa nane uwanja uwe wao. Shilingi 1,000 kwa siku, na fedha hiyo haiendi kwa mtu, inaingia kwenye mfuko wa pampu. Hilo la pampu lilimaliza ubishi wa mwenye nyumba na mpangaji kwa siku moja, kwani maji yakipanda yanapanda kwa wote. Kuhusu michubuko, kila mgeni alisaini karatasi kwamba gari lipo kwa dhamana yake, na sisi tukasaini kwamba Babu hatadaiwa. Babu akapewa daftari la kurasa 96. Mistari aliichora mwenyewe kwa rula: jina, namba ya gari, simu, saa ya kuingia, na safu ya mwisho, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa, UTAONDOKA SAA NGAPI?

Wiki mbili zilikwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Wagonjwa walianza kujulikana kwa majina. Mmoja alileta maembe.

Jumatano ya wiki ya tatu ndiyo ikatokea. Mgonjwa mmoja presha yake ilishuka akiwa kwenye mashine, akahamishwa kwa gari la wagonjwa, na mkewe aliyekuwa akiendesha akaondoka naye. Simu yake ikazima chaji. Saa kumi na moja mzee wa Kariakoo alirudi, akakuta gari kwenye nafasi yake. Hakupiga honi. Alipaki nje kando ya mtaro, akabaki amekaa ndani ya gari na kioo kimeshushwa. Nikashuka nikakaa naye kiti cha abiria. "Si nilisema," akaniambia, bila hasira, na hilo liliniuma kuliko angenifokea. Tulikaa mpaka adhana ya magharibi. Mama wa watu alikuja saa mbili usiku, macho yamevimba, anaomba radhi kabla hajafika getini. Mzee alitoka, akamwambia pole, akamwagiza Babu amulike tochi ili asigonge nguzo akirudi rivasi. Kesho yake asubuhi akaniambia kwa heshima kwamba nafasi yake ameitoa kwenye mpango.

Kamati ilitaka kuachia funguo kwa Babu, ila Babu hana leseni, na hakuna bima ambayo ningethubutu kuitegemea katika hilo. Ndipo nikarudi kwa Shoup. Kwa mitaani alipendekeza nafasi moja au mbili kila upande wa mtaa ziwe wazi wakati wote, maana mtaa uliojaa kabisa ni mtaa ulioharibika. Tukafanya hivyo: kati ya sita tukaazimisha tano, na ya sita haiguswi na mtu yeyote, mkazi wala mgeni, isipokuwa yule atakayerudi akakuta kwake pamekaliwa. Nikapanda kumweleza mzee. Alisikiliza, akauliza hiyo ya akiba itakuwa ipi. Nikamwambia ya mwisho, karibu na tangi. "Hapana," akasema. "Iwe hii inayopakana na yangu. Nikifika getini niione kwa macho yangu." Tukaihamisha, na Ijumaa ile akarudi kwenye mpango.

Tangu wakati huo nafasi ya akiba imetumika mara mbili tu. Lakini naamini ndiyo inayozishikilia zile tano. Watu wakiiona wazi wanapata usingizi.

Tatizo limebaki ng'ambo ya barabara. Barua yetu ya kwanza kwa ile ofisi ilijibiwa kwa mstari mmoja, "kwa sababu za kiusalama." Ya pili imekaa mapokezi. Siwaoni kuwa watu wabaya. Nadhani yule aliyeisoma alifikiri kama Babu alivyofikiri asubuhi ile: akikubali, yeye ndiye atakayeulizwa, na akikataa hakuna wa kumuuliza. Tofauti ni kwamba Babu tulimwondolea mzigo huo kwa karatasi moja yenye saini. Nani atamwondolea ofisa? Halmashauri inapotoa kibali cha ujenzi inauliza jengo litakuwa na nafasi ngapi za magari. Naomba kwa moyo wote iongeze swali la pili: zitakuwa tupu saa ngapi, na saa hizo nani atazitumia. Bila hivyo tutaendelea kumwaga zege kila uwanja, kila jengo na lake, mpaka mwarobaini wa mwisho Upanga.

Miarobaini yetu bado imesimama. Mvua imefuta chokaa kwenye shina moja. Kwenye jingine bado unaweza kuiona ukisogea karibu. Ajenda ya kuikata imeahirishwa vikao viwili mfululizo, haijafutwa, na magari matano bado yanalala nje.

Jumatatu napeleka barua ya tatu. Safari hii nimeambatisha nakala za kurasa nne za daftari la Babu, zenye saa walizoahidi watu kuondoka, na pembeni yake, kwa kalamu nyekundu, saa walizoondoka.